Mke Mwenza wa Bibi

Kila mwaka, asubuhi ya kwanza ya baridi hapa Gaithersburg, mashine ya joto huamka kutoka usingizi wake wa miezi mingi na kuunguza vumbi lililolala ndani ya matundu yake. Hutoa harufu kavu, ya chuma na ya karatasi iliyobabuka. Majirani zangu hufungua dirisha kidogo ili ipite. Mimi hufunga hata lile la jikoni. Huketi ukingoni mwa kitanda nikaivuta puani mpaka iishe, na nawaambieni ukweli, siku hiyo huwa sifai kwa lolote. Mume wangu ameshazoea. Hunipikia chai akaniacha na mambo yangu.

Aliyenifundisha kuipenda harufu hiyo ni babu yangu mzaa baba. Alikuwa amefika Marekani na bibi miezi michache tu kabla, kutoka Tabora, na ile ndiyo ilikuwa baridi yao ya kwanza. Tuliishi katika nyumba ya kupanga ghorofa ya pili, vyumba viwili na sebule, na babu alikuwa amejikalia kwenye kochi mashine ilipowaka. Akainua kidevu, akanusa, uso wote ukafunguka.

"Mama Petro," akamwambia bibi, "wamewasha injini. Funga mizigo, tunaondoka."

"Tangulia wewe," bibi akamjibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchambua. "Mimi bado naipenda nchi ya watu."

Babu alikuwa mtu wa reli. Alikuwa gadi wa treni, yule anayesimama kwenye behewa la mwisho na kupunga bendera ya kijani ndipo treni iondoke. Alistaafu kabla sijazaliwa, ila koti lake la kazi halikustaafu. Lilikuwa zito, la kijivu, lenye vifungo vya shaba, na lilinuka ugoro, dawa ya kuchua na kitu kama moshi wa zamani. Alilivaa hata mwezi wa saba. Wamarekani, alisema, wananunua joto wakati wa baridi na wananunua baridi wakati wa joto, kwa hiyo mwenye akili zake hawezi kuvua koti. Alikohoa mara mbili kabla ya kuingia popote, hata chumbani kwake. Kwenye supamaketi ya Rockville Pike, milango ilipojifungua yenyewe, aliiambia, "Ahsante, mwanangu," akatugeukia kwa jicho la lawama sisi tulioipita bila kushukuru.

Alasiri alitembea taratibu mpaka stesheni ndogo ya mji, akasimama kwenye uzio kutazama treni za mizigo zikipita na mabehewa yake yasiyoisha. Alikuwa na saa ya mfukoni ambayo haikuwa ikitembea. Aliitazama hata hivyo, akarudi nyumbani na taarifa ile ile: "Imechelewa." Hatukujua imechelewa kwa ratiba ya nani, na hatukuuliza.

Bibi alikuwa mdogo wa umbo na mwepesi wa ulimi. Miwani yake ilifungwa kwa uzi mweusi, khanga aliifunga juu ya sweta, na alikuwa anaamini kwamba baba na mama wanafanya kazi nyingi mno kwa watu wanaokula kidogo hivyo. Baba alikuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, mama akitunza wazee wa watu kule Rockville, na mara nyingi walipishana mlangoni mmoja akiingia na mwingine akitoka. Kwa hiyo mimi nililelewa na wale wawili. Nilikuwa na miaka tisa walipofika, na siku ya pili tu niliozwa.

Waliokulia nyumbani wanaelewa. Kwetu mjukuu wa kike ni mke mdogo wa babu yake, basi ni mke mwenza wa bibi, na wake wenza hawakosi la kugombania. Babu angeketi mezani akalalamika kwamba mke mkubwa amejaza chumvi ili afe haraka, na mke mdogo yuko wapi aje amwokoe. Bibi angenitupia mwiko: "Wewe unayejifanya mrembo, leo zamu yako. Mpikie." Nilimkaangia mayai yakaungua, naye akayala yote akiyasifu huku akimtazama bibi kwa pembeni, na bibi akiapa kwamba kesho anarudi kwao. Sijawahi tena kuwa na cheo kikubwa kama kile.

Mchezo wetu wenyewe ulianza kwa bahati. Siku moja nilirudi kutoka shule babu amelala chumbani, koti liko kwenye msumari karibu na mlango. Bibi alikuwa sebuleni akikunja nguo.

"Mke mwenza," akaniuliza, "mume wetu yuko wapi?"

Sijui nilipatwa na nini. Nilivua begi, nikalivaa lile koti, mikono ikaning'inia mpaka magotini, nikakohoa mara mbili, nikashusha midomo kama babu na kuitoa sauti yake kutoka tumboni: "Niko stesheni, Mama Petro. Treni imechelewa. Chai isipoe."

Bibi alicheka mpaka miwani ikadondoka juu ya nguo. Alicheka kwa mwili mzima, akipiga paja, akijifuta macho kwa pembe ya khanga, akiniambia nirudie. Kutoka chumbani babu akafoka, "Nani huyo anatembea na sauti yangu? Irudisheni!" Tangu hapo ikawa desturi ya kila alasiri. Naingia, bibi anauliza, navaa koti, nakohoa, najibu. Nilimwigiza babu akishukuru milango, babu akinunua viatu, babu akiombea chakula mpaka kikapoa. Kila mara bibi alicheka kama hajawahi kusikia. Walipokuja wageni aliniita mbele yao, nami niliona fahari, kwa sababu kile kilikuwa kitu ninachokiweza kuliko mtu yeyote duniani.

Halafu nikafika umri wa kuona haya. Nilikuwa na rafiki, Shiro, binti wa nesi Mkenya tuliyesali naye kanisa moja. Shiro alielewa Kiswahili lakini alijibu kwa Kiingereza, kama wengi wetu. Alikuja kwetu Jumamosi moja, akamsikia bibi akiniita mke mwenza na babu akinitetea kama mke wake mdogo. Jumatatu, ndani ya basi la shule, akasimama kitini: "Guys, Nyamizi is married to her grandpa! Her grandma said so!"

Hakuwa na nia mbaya, alikuwa mtoto mwenye hadithi nzuri mdomoni. Lakini mnajua basi la shule lilivyo. Wiki ile sikuitwa jina langu tena. Kulikuwa na mvulana aliyenipigia magoti akiniuliza kama harusi ilikuwa na keki.

Sikuwaambia wazee chochote. Nilianza tu kuingia nyumbani moja kwa moja mpaka chumbani. Bibi akiuliza, "Mke mwenza, mume wetu yuko wapi?" nilimjibu, "Nina homework, Bibi." Aliuliza tena kesho yake, na kesho kutwa. Babu alisema kwa sauti ili nisikie kwamba mke mdogo amepata mchumba shuleni na yeye anadai mahari yake irudishwe. Walicheka wawili wao, wakaningoja. Nilifunga mlango. Waliona ni umri, utapita, na nadhani hata mimi niliamini hivyo.

Majira ya baridi yaliyofuata babu akashikwa na homa ya mapafu. Alilazwa, na bibi alihamia kwenye kiti kando ya kitanda chake na kukataa kabisa kuondoka. Katika siku zile alijifunza maneno machache ya Kiingereza yaliyokuwa yakizunguka pale. Maji. Maumivu. Subiri. Siku daktari alipomvuta baba pembeni na kumwambia kwa Kiingereza kwamba babu amekufa, bibi alisimama kati yao akamtaka daktari alirudie neno alilosema. Daktari akalirudia polepole. Bibi akalitamka na yeye, kama mtu anayejaribu kiatu, halafu akaketi. Baba ndiye aliyenisimulia, mimi nilikuwa shule.

Matanga yalikaa kwetu. Makochi yalisukumwa ukutani, magodoro yakashushwa sakafuni, viatu vikajaa ngazi mpaka chini. Watu walikuja kutoka Rockville, kutoka Silver Spring, kutoka ng'ambo ya mto kule Virginia, na masufuria yaliyofungwa kwa taulo. Mchungaji wetu alikuwa Mkongomani mwenye sauti ya kujaza nyumba. "Bandugu," alianza, "tuko hapa juu ya papa yetu," na akaomba mpaka watoto wakalala. Mama yake Shiro aliketi karibu na bibi akimshika mkono, akimwambia, "Pole sana, Shosho. God awa-comfort." Bibi alishukuru kila mmoja. Hakuwa analia. Alikuwa amekaa kwenye godoro, miguu ameinyoosha, na macho yake yalikuwa yakinitafuta kila nikipita na sinia la chai.

Baba alisimama dirishani. Alipokea mikono ya watu, alishukuru, aliuliza habari za safari na za maegesho. Hakutoa chozi tangu hospitalini. Uso wake ulikuwa umekazwa kabisa, na mimi nilimwogopa kidogo.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kwetu Tabora, Baba Neema, aliyekuwa akiishi Sterling na kufanya kazi uwanja wa ndege. Yeye na babu walikuwa wakizungumza Kinyamwezi kwenye simu kila Jumapili. Mchungaji alipomaliza, Baba Neema aliinuka, akaenda mlangoni, akalitoa koti msumarini. Akaja nalo mpaka niliposimama na kulishika wazi kwa mikono miwili, kama mtu anavyomvisha mgeni wa heshima.

"Mjukuu," akasema kwa upole, "kazi yako hiyo."

Nisijifiche nyuma ya utoto. Sikuwa najua yote, lakini nilijua vya kutosha. Baba aliwahi kunihadithia jinsi msiba wa babu yake mwenyewe ulivyokuwa, wajukuu wamevaa nguo za marehemu na kutembea kwa fimbo yake, wakidai chakula kwa sauti yake, na waombolezaji wakicheka katikati ya kilio. Nilijua koti lile lilikuwa linaniita. Lakini Shiro alikuwa kwenye korido na wasichana wengine wawili wa kanisani, na mmoja alikuwa tayari ameweka mkono mdomoni.

Bibi akajiweka sawa kwenye godoro. Akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena, mtu anayetaka kuona vizuri. Kisha akasema, kwa sauti kubwa ya mchezo wetu, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi, "Mke mwenza! Mume wetu yuko wapi?"

Watu wote wakanitazama. Wa kwetu walikuwa wameshaanza kutabasamu. Bibi alikuwa na tabasamu ameliandaa, limekaa tu kwenye pembe za mdomo likingoja ruhusa. Nilichotakiwa kufanya ni kukohoa mara mbili.

"He died, Bibi," nikasema.

Nilisema kwa Kiingereza ili Shiro asikie. Katika maneno yote ya Kiingereza, nilichagua lile moja ambalo bibi alikuwa amejifunza wiki ile.

Tabasamu lile halikuondoka mara moja, ndilo jambo linaloniuma mpaka leo. Lilibaki pale kama mgeni aliyekuta hakuna mtu nyumbani. Kisha akasema, "Haya," akajifunika khanga kichwani, akalala upande akiangalia ukuta. Baba Neema alilikunja koti taratibu akalirudisha msumarini. Baba aligeukia dirisha. Mchungaji, ambaye kwao labda wana desturi nyingine, akaanzisha wimbo.

Na sikilizeni hili: nilisifiwa. Nilipopeleka vyombo jikoni kina mama walikuwa wakinisema. "Mtoto ana heshima huyu," mama yake Shiro alimwambia mama yangu. "Amekataa mzaha kwa matanga. You raised her well." Mama alikuwa amechoka, akaitikia, akanipa chapati ya moto. Niliila yote.

Babu alirudishwa nyumbani kuzikwa Tabora. Baba na bibi waliondoka na jeneza, mama na mimi tulibaki kwa sababu ya shule na nauli. Asubuhi ya kuondoka mama aliliona koti bado liko msumarini, akakimbilia kulishika. "Mama, umesahau koti la baba."

"Liache hapo lilipo," bibi akasema, akiwa ameshavaa viatu.

Uwanja wa ndege, kule Dulles, aliniwekea mkono kichwani. "Baki salama, Nyamizi," akaniambia. "Soma sana." Nilikuwa sijui kama analijua jina langu. Miaka ile mitatu hakuwahi kulitumia.

Hakurudi tena Marekani. Alisema baridi imemtosha. Tuliongea kwenye simu, sikukuu na siku za kawaida, na alikuwa mwema kwangu kama bibi yeyote. Aliuliza kuhusu masomo, kuhusu afya, akanibariki. Aliniita mjukuu wangu, aliniita mwanangu, aliniita Nyamizi. Mke mwenza sikuwa tena. Nilipofika chuo nilijipa moyo siku moja. Nilimpigia, na aliposema haloo, nikakohoa mara mbili.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Una kifua? Tafuta asali mbichi, mwanangu, ya huko wanachanganya sukari."

Nilimshukuru. Nikakata simu nikalia, na sikujaribu tena. Nilijiambia kwamba utani ule nilikuwa nimeuua mwenyewe na mtu hafufui alichokizika. Hata nilipokwenda Tabora kwa likizo, nikakaa naye barazani wiki nzima nikimchambulia mchele, tuliheshimiana tu. Tuliheshimiana vibaya sana. Ningetoa chochote anitukane.

Koti lilihama na sisi, kisha likahama na mimi. Limening'inia katika kila kabati nililowahi kuwa nalo. Sijawahi kulivaa.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nikimrudisha baba kwake kutoka kliniki, tumekwama kwenye foleni ya barabara ya I-270. Alikuwa ameshastaafu, mgongo umemlemea. Redio ilikuwa imezimwa. Ghafla akasema, akiangalia mbele, "Siku ile ya matanga, hata mimi nilikuwa nangoja."

Sikuuliza siku ipi.

"Mtoto wa marehemu haruhusiwi," akaendelea. "Mke haruhusiwi kuanza. Ni mjukuu tu. Mjukuu akimleta marehemu ndani, watu wanacheka, na wakishacheka wanaweza kulia. Mimi nilikuwa nimejipangia, Nyamizi. Nilisema, akianza tu, na mimi nitaanza." Akakuna goti. "Kosa si lako. Ulikuwa mtoto, tulikuleta huku mdogo. Mimi ndiye nilipaswa kukuketisha nikakueleza."

"Ulinieleza, baba," nikamwambia.

Akafikiri. "Kweli?"

"Ulinihadithia. Nilijua."

Magari yakasogea kidogo. Baba akatikisa kichwa, si kwa hasira, akasema tu, "Basi," na tukaendelea mpaka kwake. Nilipokuwa nikimfungulia mlango wa gari nilifikiri juu ya uso wake pale dirishani, na jinsi nilivyouogopa. Ulikuwa uso wa mtu anayengoja zamu yake, na zamu yake ilikuwa mikononi mwangu.

Mwezi wa kumi mwaka huu bibi amefariki. Alikuwa mzee sana, hakuna aliyebaki wa kujua umri wake hasa, na aliondoka asubuhi baada ya uji, akiwa barazani. Baba asingeweza kusafiri na mgongo ule. Nilimleta nyumbani kwangu, nikaegemeza simu kwenye bakuli la matunda mezani, na kutoka Gaithersburg tukahudhuria mazishi ya Tabora. Huku ilikuwa asubuhi, huko jua linaelekea magharibi. Ilikuwa asubuhi ya kwanza ya baridi pia. Mashine iliwaka tukiwa tumekaa. Baba akanusa, akasema chini chini, "Injini."

Walipotoka makaburini wakarudi nyumbani, uani kukatulia. Ndipo binamu yangu Doto akatoka ndani. Alikuwa amevaa khanga ya bibi juu ya sweta, na miwani ya bibi, ule uzi mweusi umepita nyuma ya kichwa. Alitembea kwa hatua zile fupi za haraka. Akakemea kuku. Akawaambia vijana waliobeba viti kwamba wanafanya kazi nyingi kwa watu wanaokula kidogo hivyo. Watu wakaanza kucheka, shangazi mmoja tayari amejifunika uso.

Kisha Doto akaketi kwenye kigoda cha bibi, akanyoosha miguu. Mtu mmoja kutoka nyuma akapaza sauti, na kwa jinsi wote walivyogeuka nilitambua kwamba hili nalo walilizoea: "Bibi! Mume wako yuko wapi?"

"Mume wangu?" Doto akasema kwa sauti ile ile ya bibi. "Mnaniuliza mimi? Mume wangu nilimwacha Marekani kwa mke mdogo! Pale kaburini nimeweka sanduku tu. Yeye yuko kule anakula mayai yaliyoungua, na koti lake liko mlangoni. Hamwezi kulitoa koti la mtu nyumbani kwa mke wake."

Ua zima likalipuka. Walikuwa wanajua kila neno. Nilimgeukia baba, naye alikuwa akinitazama, mdomo wazi.

"Kila mara," akasema taratibu. "Nilidhani ni uzee. Kila nikipiga simu aliniuliza, mke mwenza anamtunza mume wetu?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani itakuumiza."

Miaka yote ile. Hakuwa ameufuta utani. Aliubeba mpaka Tabora, akautumia kila siku mbele ya watu, na kila aliponipigia simu alikaa kimya kwa adabu akiningoja mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeuacha na mimi ndiye niliyepaswa kuurudia. Nami nilijaribu mara moja tu katika maisha yangu yote ya utu uzima, na aliposita nikakimbia. Labda alikuwa anapima kama ni kikohozi kweli. Labda ningesema neno moja zaidi.

Doto alikuwa ameinuka kwenye kigoda. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye simu iliyokuwa inatuonyesha ua, akainama, miwani ya bibi ikajaa kioo chote.

"Mke mwenza!" akaita. "Wewe wa Marekani! Mume wetu yuko wapi?"

Niliinuka. Nilikwenda kwenye kabati la mlangoni, nikalitoa koti, nikalivaa. Mikono yake ilinitosha kabisa. Nilirudi nikasimama mbele ya meza, nikakohoa mara mbili, na sauti ikatoka tumboni ilikokuwa imekaa, haijazeeka hata kidogo.

"Niko stesheni, Mama Petro. Treni imechelewa. Chai isipoe."

Kando yangu baba akaweka paji la uso juu ya meza. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kilio cha babu na kilio cha bibi vikamtoka kwa pamoja, kwa sauti kubwa, kama mtoto.

Tabora walikuwa bado hawajanisikia. Mtandao wa kule huchukua muda kidogo kufikisha sauti, na katika muda ule nilisimama na koti mwilini nikiangalia nyuso zao zimetulia, zimeinuka, kila mtu na tabasamu ameliandaa akinitazama. Katika muda kama huo huo bibi alikaa siku ile juu ya godoro, akiningoja, nami nikamwacha humo. Kisha kicheko kikafika, kikubwa, cha ua zima, nikakisikiliza mpaka mwisho. Cha bibi hakikuwemo.